Mahojiano ya Mbio za Asubuhi

Mdogo wangu alianza kufundishwa kuongea akiwa na miaka thelathini na ushei. Mpaka wakati huo alikuwa dereva wa mbio za magari anayejulikana kwa mambo mawili: jinsi alivyokuwa akiwapita wenzake kwenye kona, na jinsi alivyokuwa akiwakimbia waandishi wa habari mbio zikiisha. Nyumbani tulimwita Kimya tangu utotoni. Alikuwa tayari kula chakula kisicho na chumvi kuliko kumwomba mtu amsogezee kikopo. Mama alishamzoea. Alikuwa akiyasoma macho yake tu, kisha anakisukuma kikopo upande wake na kuendelea na mazungumzo na sisi wengine.

Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani. Kwenye timu yao kazi yangu ilikuwa kushona nembo za wadhamini kwenye ovaroli lake la mbio. Watu hudhani ni kazi ya kubandika tu. Ovaroli lile lina tabaka za kitambaa kisichoshika moto haraka, na nembo inashikizwa kwenye tabaka la juu peke yake, kwa uzi usioyeyuka. Ukipitisha sindano mpaka ndani umemtobolea mtu kinga yake. Kwa hiyo mdhamini mpya alipokuja nilijua mapema, na alipoondoka nilijua pia, kwa sababu niliitwa kufumua. Mwaka ule nilifumua zaidi ya nilivyoshona.

Waliondoka kwa sababu ya mdomo wake. Siku moja alishika nafasi ya tatu, akawekewa maikrofoni mbele ya uso, akaulizwa siri ya mafanikio yake. Kimya akafikiri. "Wawili wa mbele yangu wamegongana," akasema. Mtangazaji akacheka, akamuuliza tena kuhusu mafuta ya injini ya kampuni ambayo jina lake lilikuwa kifuani pake. Akafikiri tena. "Sijui. Fundi ndiye anayeyaweka." Pale gereji tulivunjika mbavu. Fundi mkuu, ambaye wote walimwita Mzee Spana, alilazimika kukaa chini juu ya tairi. Lakini kampuni ya mafuta haikucheka, na haikupita muda nikawa nimeshika kiwembe, nafumua.

Ndipo meneja wa timu alipomwita ofisini. Alikuwa mtu mfupi, wa haraka haraka, asiye mbaya, ila siku zote aliongea kama anayeshuka ngazi. Alimweleza wazi kwamba kampuni ya betri inatafuta dereva mmoja wa kumdhamini msimu mzima. Bosi wao angekuja mwenyewe kutazama raundi ya mwisho ya mwaka. Hakuwa akitafuta mshindi tu, washindi wapo. Alitaka mtu ambaye watu wakimwona kwenye runinga watampenda. Asipomchukua Kimya, gari linapewa kijana mwingine ambaye mbio anazo na ulimi anao.

Kimya alikuja nyumbani akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, funguo za pikipiki bado mkononi. Nilikuwa napiga pasi. Nilingoja, kwa kuwa nilijua kumhimiza ni kumfunga zaidi.

"Dada," akasema, "wananitoa kwenye gari."

Akazigeuza funguo mkononi. Mimi niliendelea kupiga pasi mahali pale pale mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Mdogo wangu hakuwa na mke, hakuwa na kitu kingine alichokijua vizuri. Alipoanza kukaa nyuma ya usukani ndipo tulipoanza kumwona akitembea kama watu wengine, kichwa juu. Ukimtoa humo, hutabaki na mtu.

Meneja alimtafutia mwalimu, mwanamke aliyewahi kusoma taarifa ya habari redioni kwa miaka mingi, ambaye sasa aliwafundisha wanasiasa na wachezaji namna ya kuhojiwa. Tulimwita Mwalimu. Alivaa viatu virefu hata gereji kwenye madimbwi ya oili, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata akikutukana ungesema asante. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Siku ya kwanza alikuja nyumbani kwetu, akanywa chai ya mama, akamtazama Kimya juu mpaka chini. Kisha akaniambia mimi, kama vile mwenyewe hayupo, "Huyu si bubu. Huyu anaogopa swali asilolijua."

Tangu hapo mafundisho yake yote yalitoka kwenye neno hilo. Kama unaogopa swali, alisema, usilijibu. Jibu swali unalolitaka wewe. Mtu akikuuliza lolote, anza na "swali zuri sana", halafu ingia kwenye maneno uliyokuja nayo. Akampangia maneno hayo kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Kwanza utaje jina lako na timu yako, kwa sababu kipande chako kitakatwa na kurushwa peke yake na watu hawatajua wewe ni nani. Kisha utaje uwanja na raundi, na uwashukuru waliojitokeza. Kisha gari: gari liko vizuri, hata likiwa limebaki magurudumu mawili. Kisha mafundi. Kisha betri. Kisha familia, kwa sababu watu wanapenda familia: "Namshukuru dada yangu anayenishonea ovaroli hili, najua yuko nyumbani ananitazama." Nilimwambia mimi huwa siko nyumbani, huwa nipo pale pale gereji. Mwalimu akasema nyumbani panasikika vizuri zaidi.

Mwili nao aliufundisha. Kofia ya mdhamini ivaliwe kabla ya kufuta jasho. Chupa ya maji ishikwe lebo ikitazama kamera. Alitaka hata kumbadilisha jina, aitwe Kimbunga. Mama alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Kimbunga gani huyu," akasema, "asiyeweza kuomba chumvi?" Hata Kimya alicheka siku hiyo. Jina la Kimbunga halikutajwa tena.

Tatizo ni kwamba mbele ya Mwalimu aliweza, lakini mbele ya kamera maneno yalimtoroka. Mwalimu akasema basi dawa ni moja, yaingie mpaka yasihitaji kufikiriwa. Akatuagiza tumuulize wakati wowote, akila, akioga, akiwa amelala. Nikawa namshikia mwiko mdomoni kama maikrofoni. Mama, aliyekuwa akipenda utani, alikuwa akimgongea mlango asubuhi: "Dereva, umejisikiaje leo kwenye kona?" Na kutoka ndani, kwa sauti ya mtu ambaye macho bado yamefumba, tulisikia: "Swali zuri sana. Kwanza kabisa..." Yote, mpaka kwenye dada aliye nyumbani, bila kukwama. Tulimpigia makofi. Ilikuwa furaha kweli ndani ya nyumba ile.

Raundi ya mwisho ilikuwa na mbio mbili, za asubuhi na za mchana, na jumla ya zote ndiyo ilihesabiwa. Bosi wa kampuni ya betri alifika mapema na kupelekwa ukumbi wa wageni, juu ya gereji za timu. Mwalimu alikuwa naye. Mimi nilikuwa chini na sindano zangu, nimeshona nembo ya betri kwa mshono wa kuruka ili iweze kutoka haraka wakimkataa. Sikumwambia Kimya hivyo.

Aliendesha vizuri asubuhi ile. Alikuwa wa nne, akinyemelea wa tatu, wakati gari la nyuma lilipomgusa kwenye kona ndefu iliyo mbali na gereji. Tuliona kwenye skrini: gari lilizunguka, likateleza ubavu ubavu, likaingia kwenye ukuta wa matairi kwa upande wake wa kushoto. Halikupinduka wala halikuwaka. Matairi yaliruka kama mtu amemwaga kapu la malimau. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Kisha mlango ukafunguka akatoka mwenyewe, akasimama, akainua mkono. Uwanja mzima ulipiga kelele za furaha na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimejichoma sindano kidoleni.

Gari la uokoaji lilimleta. Kwa desturi ya uwanja ule, dereva aliyegonga ukuta lazima aonwe na daktari kabla ya kurudi barabarani, lakini njia ya kwenda kwenye hema la daktari ilipita mbele ya uzio wa waandishi wa habari. Walimsimamisha. Alikuwa ameshavua helmeti na kuvaa kofia ya mdhamini. Mtu alimpa maji, naye akaigeuza chupa mkononi taratibu mpaka lebo ikatazama kamera.

Mwandishi alimuuliza nini kilitokea. Na mdogo wangu, ambaye hajawahi kusema sentensi tatu zinazofuatana mbele ya mtu asiyemjua, alisema yote. Jina, timu, uwanja, raundi ya mwisho, asante kwa waliojitokeza. Gari liko vizuri. Mafundi ni kama ndugu. Betri haijawahi kumwangusha. Dada yake yuko nyumbani anamtazama. Alitabasamu pale alipofundishwa kutabasamu. Meneja aliruka akamkumbatia Mzee Spana. Kwenye simu ya meneja, Mwalimu alikuwa akisema kwamba bosi amesimama, anapiga makofi, anasema mtu aliyetoka ukutani na kuongea hivi ndiye anayemtafuta. Mimi nililia kwa furaha. Nasema kama ilivyokuwa.

Daktari alimwona hemani. Baadaye nilijua alivyomuuliza, maana aliniambia mwenyewe, na hakuficha. Alimuuliza anaitwa nani, akajibu. Yuko wapi, akajibu. Ni mbio gani hizi, akajibu, tena na raundi. Anajisikiaje, akasema yuko vizuri. Alimmulika machoni, akampapasa shingo, akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Akampa kadi ya kijani, ruhusa ya kurudi kwenye mbio. Nje walikuwa wanasubiri madereva wengine wawili waliogongana nyuma yake, mmoja akiwa amevunjika mkono.

Alipoingia gereji nilimkimbilia. Alikuwa na vumbi upande mmoja wa uso. Nilimshika mabega nikamuuliza ameumia wapi.

Alinitazama usoni, karibu kama ninavyoitazama karatasi hii. "Namshukuru sana dada yangu," akasema. "Najua yuko nyumbani ananitazama."

Mafundi wakaangua kicheko. Mmoja akasema sasa amekuwa mtu wa runinga, hata ndugu zake anawapa mahojiano. Nilitaka kucheka nao. Mdomo wangu ulishaanza. Lakini mikono yangu bado ilikuwa mabegani mwake, na nilijua mabega yale. Kimya akitania alikuwa akiinua bega moja kidogo, la kulia, tangu utotoni. Mabega hayakufanya kitu.

Nikamwita jina lake la nyumbani. Nikamuuliza kama anataka maji. Akasema swali zuri sana.

Nilimwendea meneja. Alikuwa kwenye simu huku akiwaonyesha mafundi kwa kidole mkono wa gurudumu uliopinda. Nilimwambia Kimya hayuko sawa, hanitambui. Alifunika simu kwa kiganja. Daktari ameshampitisha, akasema, kadi ile pale, unataka nini zaidi? Nilimwambia hajibu ninachomuuliza. "Na lini aliwahi kujibu?" akasema. Kisha, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: "Dada yangu, tumehangaika mwaka mzima kufika hapa. Bosi anashuka na kalamu baada ya mbio za mchana. Usimtie mdogo wako nuksi leo."

Nilikwenda kwenye hema la daktari. Mlinzi alitazama kadi niliyoivaa shingoni akasema rangi hiyo haiingii. Nilimwomba amwite daktari nje kidogo. Akasema daktari ana mtu aliyevunjika mkono. Nilimwambia ndugu yangu ameumia kichwa. Akaniuliza ni yupi. Nilipomtaja akacheka, akasema yule aliyeongea vizuri kwenye skrini? Mama, nenda kapumzike, yule ana kichwa kuliko mimi na wewe.

Nilirudi. Walikuwa wamemkalisha kwenye kiti nyuma ya matairi, helmeti mapajani, ametulia kama mtu anayesubiri zamu ya kunyolewa. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. Mzee Spana alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Nilichuchumaa nikamweleza miguu ile. Miguu ikaacha kusogea. Halafu sauti ikatoka chini: "Hata mimi alinishukuru. Nilimuuliza breki zinavutaje." Mguu mmoja ukajikunja. "Siku zote ananijibu kuhusu breki. Hilo ndilo jambo pekee analonijibu."

Akaniambia yeye hawezi kumzuia mtu mwenye kadi ya kijani, atafukuzwa na gari litatoka vile vile. Nikamuuliza nani anaweza. Akasema yule aliyemfunga maneno ndiye atakayejua kama yamefungika vibaya.

Ngazi ya ukumbi wa wageni ilikuwa na mlinzi mwingine, na kadi yangu ilikuwa ni ile ile. Nikatoa sindano na kibunda cha uzi, nikasema bosi wa betri amekatika kifungo cha koti, nimeitwa haraka. Sijui uongo ule ulitoka wapi. Alinipisha.

Kule juu palikuwa na zulia na viyoyozi na watu wenye glasi mikononi. Mwalimu alisimama karibu na kioo, bosi akimwambia jambo, naye akicheka kwa ile sauti yake. Aliponiona na jasho langu uso wake ulibadilika. Alinivuta pembeni, karibu na meza ya vijiko.

Nilimweleza. Alisikiliza, lakini niliona anavyonisikiliza: kama mtu anayesubiri mtoto amalize. Alisema anajua sikuyapenda masomo tangu mwanzo. Alisema mtu aliyeishi kimya miaka yote akifunguka huwatisha wa nyumbani kwake, amewaona wengi. Alisema nisimnyime ndugu yangu siku yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi nimesimama mbele yake akaniambia niko nyumbani."

Aligeuka akamtazama bosi kule kwenye kioo.

"Nenda kamuulize wewe. Muulize kitu ambacho hukumfundisha. Akikujibu, hata neno moja, mimi nitatoka kwa lile geti na hamtaniona tena kwenye timu hii. Nitakupigia magoti hapa hapa mbele ya bosi ukitaka."

Nilikuwa nimeshaanza kupiga magoti. Alinidaka kiwiko. Chini, spika ya uwanja ikatangaza madereva waingie kwenye magari. Mwalimu aliweka glasi yake mezani, akavua viatu vyake virefu, akavishika mkononi, akateremka zile ngazi peku mbele yangu.

Walikuwa wameshamfunga Kimya mikanda. Helmeti ilikuwa kichwani, kioo chake kimeinuliwa, mikono kwenye usukani. Mpiga picha wa runinga alikuwa amesogea kwenye mlango wa gereji kumchukua shujaa wa asubuhi. Meneja alipomwona Mwalimu akija peku alidhani analeta habari njema akatandaza mikono. Mwalimu akampita. Akainama dirishani.

Alimuuliza, kwa sauti ya kawaida, "Chai ya mama yako huwa na sukari au haina?"

"Swali zuri sana," akasema Kimya. "Kwanza kabisa niwashukuru wote waliojitokeza hapa uwanjani..."

"Achana na hayo sasa. Hatuko kwenye mahojiano. Mimi ni nani?"

"Gari liko vizuri. Mafundi wangu ni kama ndugu."

"Mwanangu," akasema Mwalimu, na ile sauti nzuri ikampasuka katikati, "nitazame. Nakuomba usiseme nilichokufundisha. Sema chochote kingine."

Aligeuza macho akamtazama. Alijaribu, nadhani. Niliona midomo yake ikitafuta. Kisha akatabasamu, pale alipofundishwa kutabasamu, akaanza tena na jina lake.

Mwalimu alinyooka akaanza kumwita daktari kwa nguvu zote za mtu aliyewahi kusomea taifa zima habari. Meneja alisema kamera, Mwalimu, kamera inachukua, bosi anaona. Akataka gari liwashwe, mambo mengine yatazungumzwa baadaye. Hapo Mzee Spana aliingiza mkono wake mweusi kwa grisi dirishani, akabonyeza kifyatulio kinachoushikilia usukani, akauchomoa wote. Akaukumbatia kifuani akatembea nao mpaka mwisho wa gereji bila kumwangalia mtu.

Mikono ya mdogo wangu ilibaki hewani, imeshika duara lisilokuwepo. Hakushangaa wala kuuliza. Hapo hata meneja aliacha kuongea.

Daktari alikuja mbio. Safari hii hakumuuliza kitu. Alimfunua macho, na hata mimi nikaona, mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko nyingine. Wakamkata mikanda. Akatapika kwenye kifua, juu ya ile nembo. Wakati wanamlaza kwenye machela magari mengine yalikuwa tayari yanawashwa, na kwa ngurumo ile hakuna aliyemsikia mwenzake, ikawa kila mtu anafanya kazi kwa ishara.

Nilipanda naye kwenye gari la wagonjwa. Mwalimu alibaki mlangoni, viatu mkononi, anataka kupanda na hathubutu kuomba. Nilimpa mkono akapanda.

Njiani nilimshika vidole na kuviongelesha zaidi kuliko kumwongelesha yeye. Nilimwambia upuuzi tu, habari za mama, habari za kitambaa. Sikumuuliza swali lolote. Niliogopa. Muuguzi alikuwa akimwita jina lake kila mara ili asilale, naye alikuwa akianza yale maneno, na kila mara yalikatika mapema zaidi: mara kwenye mafundi, mara kwenye uwanja, mara kwenye jina. Mwalimu alikuwa ameziba masikio.

Halafu akafumbua macho akaniona. Nilijua ameniona, kwa sababu alikunja uso kama alivyokuwa akikunja nikimpima ovaroli na kumchoma kwa pini.

"Dada."

"Nipo."

"Nimesema vizuri?"

Nilimwambia amesema vizuri sana. Akaonekana kulifikiria hilo.

"Nimechoka," akasema. Lilikuwa neno lake mwenyewe, hakuna aliyempa. Nilimwambia basi apumzike, hakuna atakayemuuliza kitu tena.

Walimpasua jioni ile ile. Daktari wa upasuaji alituambia damu ilikuwa imejikusanya kwa muda. Nilimuuliza kama angepona iwapo angeletwa mapema, mara tu alipotoka garini. Alisema huenda. Hakutaka kunidanganya na hakutaka kuniua, kwa hiyo akasema huenda, nami nimeishi na neno hilo tangu siku ile. Mdogo wangu hakuamka tena.

Meneja alikuja msibani akalia kama mtoto, akakaa nyuma kabisa. Daktari wa uwanja naye alikuja. Alinieleza yale maswali yake na yale majibu, akasema sasa mtu akigonga ukuta kwenye uwanja wao hapiti tena kwa waandishi, na yeye mwenyewe haulizi tena jina wala uwanja, anauliza vitu vya ovyo ovyo. Sikuwa na hasira naye. Alijibiwa kila alichouliza.

Mwalimu ameacha kufundisha. Huja kumwona mama, hukaa naye, hawaongei sana.

Kile kipande cha asubuhi kimesambaa kila mahali. Kampuni ya betri ilikirusha na maneno ya rambirambi chini yake, na watu tusiowajua wakatutumia kwenye simu tena na tena, wakisema kijana jasiri, ametoka ukutani na bado anashukuru watu. Wanatutumia kwa nia njema. Wanadhani wanatupa kitu cha kumkumbukia. Nami kila nikikiona najua kwamba yule anayeongea ameshaanza kuondoka, na wote tumesimama pembeni tunampigia makofi.

Sikutaka mama akione. Lakini mjukuu wa jirani alikuwa nacho kwenye simu, na juzi nilipoingia nilimkuta mama ameketi sebuleni, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, miwani imemshuka puani. Kipande kilikuwa kinakaribia pale pa dada aliye nyumbani. Nilisimama. Sikujua nikimbilie kuzima au nikimbilie nje.

"Zima sauti," mama akasema bila kugeuka. "Hayo maneno siyahitaji. Nataka nimwangalie mwanangu."

Nikazima sauti. Nikaketi kando yake. Kwenye kioo cha simu midomo ya mdogo wangu ilisogea, akatazama upande mmoja, akatazama upande mwingine, jua likimpiga usoni. Kilipoisha mama akakirudisha mwanzo kwa kidole chake kinene, akasogea karibu zaidi.

"Alikuwa amekonda," akasema. "Mbona hamkuniambia?"